Seva ya Ngalambe na Namba Zilizopitishwa

Iko nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufungwa saa nne asubuhi ilhali mwenye funguo zake hufika kazini saa tano. Ni nchi njema. Ina milima, ina mito, ina wizara arobaini na tatu, na serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Inawapenda hivi kwamba haiwezi kuvumilia kumwona mwananchi akipata kitu ambacho bado hakijazinduliwa.

Mwaka mmoja serikali hiyo ilitangaza Zama za Kasi. Kuanzia siku ile, ilisemwa, hakuna hospitali wala zahanati itakayoagiza dawa kwa karatasi, kwa maana karatasi ni mwendo wa kobe. Dawa zote zingeagizwa kwa seva. Vitabu vya kuagizia dawa vikakusanywa toka nchi nzima, vikarundikwa katika uwanja wa mpira wa Makao Makuu, na Waziri akavitia kiberiti mbele ya bendi ya magereza. Moshi ulikuwa mwingi; hotuba ilikuwa ndefu zaidi. Jambo moja tu lilisahaulika siku ile, nalo lilikuwa dogo: seva zenyewe zilikuwa hazijaunganishwa na chochote.

Ndipo Siwatu Mbelwa alipopelekwa Ngalambe.

Siwatu alikuwa fundi wa mitandao, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na mbili, mwenye vidole vyembamba na tabia mbaya ya kumaliza kazi siku ileile aliyoianza. Tabia hiyo ilikwisha kumponza. Katika kituo chake cha kwanza alionywa kwa kuwaaibisha wenzake. Katika cha pili wakubwa walihangaika kumtafutia kazi nyingine ya kufanya, wakachoka, wakamhamisha.

Alifika Ngalambe Jumatatu asubuhi, na mkoba wake wa vifaa begani, akaelekezwa kwenye Bohari ya Dawa ya Wilaya, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali. Mlangoni alipokewa na mfamasia, Bi. Mwanamvua, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe wa seva?"

"Ndimi."

Bi. Mwanamvua hakumkaribisha kiti. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja mpaka kwenye friji, akaifungua. Ndani mlikuwa na vichupa kumi na vinane vya insulini, vimepangwa mstari kama askari waliobaki baada ya vita.

"Hivi ndivyo nilivyonavyo. Nina wagonjwa wa sukari arobaini na mmoja ambao bila sindano hawaishi. Wanakuja dirishani na mabomba yao ya sindano, nawapimia mmoja mmoja, asubuhi na jioni. Nikipima kwa mkono wa bahili, nafika wiki mbili. Kuagiza kwa karatasi nimekatazwa. Kwa simu nimekatazwa. Nilijaribu kwenda Makao Makuu mwenyewe, nikaambiwa nirudi niagize kwa seva. Sasa niambie ukweli, mwanangu. Kuiunganisha hiyo seva kunachukua muda gani?"

"Nusu saa," Siwatu alisema. "Waya ukiwa mzima, dakika kumi."

Bi. Mwanamvua alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amwone vizuri mtu aliyetamka maneno hayo katika nchi ile.

"Wewe ni mgeni," alisema kwa huruma.

Seva ilikuwa chumba cha pili. Ilikuwa sanduku jeusi tu, lenye ukubwa wa begi la safari, lakini ilikuwa imevishwa shada la maua ya plastiki, imezungushiwa kamba nyekundu, na kando yake alikuwa ameketi Bw. Mpunjuo, Katibu wa Kamati ya Wilaya ya Kuipokea, Kuilea na Kuisimamia Seva. Bw. Mpunjuo alikuwa mtu mpole, mnene, mwenye mihuri mitatu mfukoni. Siwatu alipoinyoosha tu mikono kuelekea kwenye kamba, yule bwana aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usiiguse, dada! Bado haijapitishwa!"

"Haijapitishwa wapi?"

"Kwenye Kamati. Seva ni mali ya umma. Ukiandika kitu ndani yake umeandika ndani ya umma."

Siwatu akatoa barua aliyopewa Makao Makuu. Ilikuwa na mistari minne tu. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni, kwamba mashine ili izungumze na mashine nyingine lazima ijue mambo manne. Kwanza anwani yake, yaani inaishi wapi. Pili kinyago, yaani namba inayoisaidia kutambua nani ni jirani na nani yuko mbali. Tatu lango, yaani pa kutokea ikitaka kwenda mbali. Na nne mjuzi wa majina, yaani wa kumwuliza jina fulani ni la anwani ipi. "Namba nne, Bw. Mpunjuo. Naziingiza, nabonyeza hapa, Mama Mwanamvua anaagiza dawa."

Bw. Mpunjuo aliisoma barua mara tatu, na kila alipoisoma jasho lilizidi.

"Namba nne," alinong'ona. "Na kila moja ina namba nyingine nne ndani yake. Hii ni ajenda ya siku mbili."

Kamati ilikaa baada ya siku nane. Hakuna aliyechelewesha kwa makusudi. Ilibidi kwanza wajumbe wateuliwe, kisha wapelekwe semina ya kuelewa maana ya uteuzi wao, kisha wapumzike. Siku hizo zote Siwatu alikaa kwenye benchi la bohari na wagonjwa, akitazama safu ya vichupa ikifupika kila friji ilipofunguliwa.

Hapo benchini ndipo alipozoeana na Mzee Lukanga. Mzee huyo alikuwa refa wa mpira kwa miaka thelathini, na mwili wake ulikuwa umekauka ukabaki mishipa na ukali. Siku ya sita Siwatu alimwona akichoma sindano iliyojaa nusu tu.

"Mzee, mbona umebakiza?"

"Nusu naiweka kesho, binti. Naongeza muda." Akafunga kifungo cha shati. "Mpira ukiwa sare hauachi watu waondoke. Unaweka dakika za nyongeza."

"Lakini Mama Mwanamvua amekupimia ya leo."

"Mama Mwanamvua anapima dawa. Mimi napima Kamati. Nawajua. Nimechezesha mechi za viongozi hawa, hata penalti huiundia tume."

Kamati ilifunguliwa kwa wimbo, ikaendelea kwa chai, na saa tano Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Bartolomayo Ndeketela, Mkuu wa Wilaya, akagonga meza. Kanali alikuwa na sauti ya gwaride na kifua kilichojaa nishani, tatu kati ya hizo zikiwa za kuhudhuria utoaji wa nishani.

Bw. Mpunjuo alisoma: "Anwani. Kumi, nukta, kumi na nne, nukta, saba, nukta, mbili."

"Simama hapo," Kanali alisema. "Kumi na nne ya nini?"

"Ni namba ya wilaya yetu kwenye mtandao, Mheshimiwa," Siwatu alijibu. "Kila wilaya imepewa yake."

Ukumbi uliingia baridi. Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya usafi, Ngalambe ilishika nafasi ya kumi na nne kati ya wilaya kumi na tano, na tangu hapo namba hiyo ilikuwa haitamkwi mbele ya Kanali. Hata watoto wa darasa la kwanza walifundishwa kuhesabu kumi na tatu, nyingine, kumi na tano.

"Na Mtopanga?" Kanali aliuliza. Mtopanga ilikuwa wilaya jirani.

"Wao ni kumi na tano, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo wametuzidi."

"Hapana, Mheshimiwa, hapa namba haizidi namba. Ni kama nyumba mtaani tu..."

"Kumi na tano haizidi kumi na nne? Umesoma wapi, binti?" Wajumbe wakacheka kwa kiasi kinachofaa. "Napendekeza Ngalambe iwe mia tano."

Ikaungwa mkono, kwanza na mjumbe mmoja, kisha na wote waliojutia kuchelewa. Siwatu alisimama, akaeleza kwamba namba hizo zina kikomo. Kila moja haiwezi kupita mia mbili hamsini na tano. Ndivyo mashine zilivyo duniani kote.

"Kikomo hicho kimewekwa na Bunge?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Kwa amri ya Rais?"

"Hapana."

"Basi si kikomo. Ni uzushi. Endelea, Katibu."

Katibu akaendelea. Ikagundulika kwamba anwani ya seva ilikuwa inaishia na mbili, na ya lango inaishia na moja. Kanali aliuliza tangu lini lango likawa kubwa kuliko ofisi, na mlinzi wa getini akawa mbele ya mwenye nyumba. Ikaamuliwa wabadilishane. Kisha wakafika kwenye kinyago, ambacho kilikuwa mia mbili hamsini na tano mara tatu, na mwisho sifuri. Kanali alinyanyuka kitini.

"Sifuri! Wilaya yangu ipewe sifuri, kwa maandishi, na muhuri juu yake?"

"Iondolewe!" wajumbe walipaza sauti. "Iwekwe mia mbili hamsini na tano kama wenzake!"

"Waheshimiwa, nawaomba," Siwatu alisema. "Mkiiweka hivyo, seva itaamini haina jirani hata mmoja."

"Vizuri sana," alisema Kanali. "Majirani wenyewe si hao Mtopanga?"

Mjuzi wa majina alipita bila kuguswa. Naye alikuwa na sifuri, tena mbili, lakini alikuwa anakaa Makao Makuu, na sifuri za Makao Makuu huko Ngalambe huheshimiwa. Kabla ya kufunga, Afisa Utamaduni, ambaye alikuwa amesinzia na kuamka neno kinyago lilipotajwa, alitoa kinyago cha mpingo alichokitafuta kwa wiki nzima tangu aisome ajenda. Kilipigiwa makofi, kikapelekwa bohari, kikafungwa kwa kamba usoni mwa seva. Mashine ilipowashwa Siwatu alilazimika kukigeuza kilipoanza kunuka kuungua, maana kilikuwa kimeziba matundu ya feni.

Aliziingiza namba za Kamati siku ileile, Bw. Mpunjuo akiwa amesimama nyuma yake na muhuri mkononi. Alipoandika mia tano mashine ilikataa. Akarudia, ikakataa. Maneno mekundu yakatokea kwenye skrini: *Namba hii si sahihi.*

"Imesema nini?" Bw. Mpunjuo aliuliza.

"Imesema namba ya Kamati si sahihi."

Bw. Mpunjuo alitazama mlangoni, akautazama ukuta, akasogea karibu. "Dada, kuna mtu mwingine amesikia?"

Kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa mashine kuikatalia Kamati, Bw. Mpunjuo alitumia ule wa watumishi. Seva iliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku saba kwa nini isichukuliwe hatua za kinidhamu. Barua ilibandikwa juu yake kwa gundi. Mpaka muda huo uishe, ilielezwa, hairuhusiwi kuguswa, isije ikasemekana imeshawishiwa.

Siku ya kwanza seva haikujibu. Siku ya pili haikujibu. Bi. Mwanamvua alikuwa na vichupa saba. Siku ya tatu Siwatu alikwenda ofisini kwa Kanali, akaambiwa Kanali yuko safarini kutafuta vitambaa vya uzinduzi, kwani Waziri mwenyewe angekuja Ijumaa ya wiki iliyofuata kuizindua seva. Siku ya nne, vichupa vinne.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, Mzee Lukanga alifika dirishani akitembea kama mtu anayevuka mto wenye mawe. Alisema ana kiu. Bi. Mwanamvua alimpa kikombe cha maji, akanywa, akaomba kingine, na cha tatu kikamponyoka. Siwatu alimdaka kabla hajagonga sakafu. Pumzi yake ilikuwa ndefu na nzito, na ilinuka kama tunda lililochacha.

"Sukari imempanda kichwani! Leteni dripu!" Bi. Mwanamvua alikuwa keshapiga magoti, sindano mkononi. Alivuta insulini mpaka kichupa kikalia kikavu, akachukua kingine. Wauguzi wakaja na machela. Alipokuwa anabebwa, mzee aliinua kidole kimoja kama mtu anayeonyesha kadi.

Siwatu alibaki amesimama na kikombe tupu. Alikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira alikuwa na aibu. Kwa siku kumi na tatu alikuwa amekaa benchi moja na mtu yule, hatua sita kutoka kwenye mashine aliyoweza kuiamsha kwa dakika kumi, akisubiri ruhusa ya watu wanaoogopa namba kumi na nne.

"Vimebaki vingapi, mama?"

"Vitatu. Na yeye leo atahitaji kimoja peke yake."

Siwatu aliingia chumba cha pili. Bw. Mpunjuo alikuwapo, akimenya karanga.

"Bw. Mpunjuo," alisema kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe, "seva imejieleza."

Karanga zilimwagika. "Imesema nini?"

"Inaomba radhi. Inasema inazikubali namba za Kamati, ila inaona si adabu namba tukufu kama hizo kufichwa ndani ya sanduku ambapo wananchi hawazioni. Inaomba ziandikwe kwa herufi kubwa, zigongwe mihuri yote mitatu, ziwekwe kwenye fremu na kutundikwa ukutani. Huko ndani itajitahidi na vinamba vidogo vya kawaida, visivyo na hadhi."

Bw. Mpunjuo aliokota karanga moja, akaipuliza vumbi. Haijulikani mpaka leo kama aliamini. Alikuwa mtu aliyefanya kazi serikalini miaka ishirini na sita, na mtu wa namna hiyo hujua kwamba kuna maswali ambayo mtumishi mwema hayaulizi.

"Hiyo," alisema, "ni seva yenye malezi." Akaenda mwenyewe kutafuta fremu.

Mlango ulipofungwa, Siwatu aliikata kamba nyekundu kwa kisu cha mkobani. Akachomeka waya. Akaandika kumi, kumi na nne, saba, mbili. Akaandika kinyago pamoja na sifuri yake. Akaandika lango, akaandika mjuzi wa majina, akabonyeza. Taa ya kijani ikapepesa mara mbili, ikatulia. Dakika zilikuwa tisa.

"Mama! Njoo uagize."

Bi. Mwanamvua aliandika kwa kidole kimoja, akitamka kila herufi: insulini, vichupa mia nne. Alipobonyeza, wote wawili waliisogelea skrini kama watu wanaoota moto. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kuvua miwani. *Limepokelewa. Gari linaondoka kesho.*

Bi. Mwanamvua hakushangilia. Aliketi chini sakafuni, akafunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. "Dakika kumi," alikuwa akisema. "Alisema dakika kumi, nami nikamwonea huruma."

Gari lilifika Jumatano, siku mbili kabla ya uzinduzi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kanali alilikuta limeegeshwa mbele ya bohari, masanduku yenye barafu yakiwa bado ndani, na wagonjwa arobaini na mmoja, pamoja na Mzee Lukanga aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, wakiwa wamejipanga.

"Dawa hizi zimeagizwa na nani?" alinguruma.

"Na seva, Mheshimiwa," Siwatu alisema.

"Seva haijazinduliwa! Haiwezi kuagiza! Waziri anakuja Ijumaa kuianzisha, atamkuta mtu keshaianzisha? Dawa hizi hazipo! Gari lirudi, lije tena Jumamosi."

"Mheshimiwa, barafu inayeyuka," dereva alisema.

"Barafu ipi, wakati dawa zenyewe hazipo?"

Siwatu alifungua kinywa kukiri kila kitu. Alikuwa tayari, hata maneno alikuwa ameyapanga. Lakini Bi. Mwanamvua alimtangulia, akapiga hatua mbele, akasimama wima kama askari.

"Mheshimiwa Kanali, naomba kutoa taarifa. Haya ni mazoezi."

"Mazoezi?"

"Ya uzinduzi. Gwaride gani kubwa lisilofanyiwa mazoezi, Mheshimiwa? Tukasema tusije tukamwaibisha Mkuu wetu mbele ya Waziri. Gari limefanya mazoezi ya kufika. Mimi nitafanya mazoezi ya kupokea. Wagonjwa hawa watafanya mazoezi ya kudungwa."

Kanali alikunja uso, akaukunjua. Neno hilo lilimgusa mahali ambapo sheria haikufika. Alikuwa ameishi maisha yake yote kwa mazoezi. Vita halisi hakupata kuviona.

"Na watadungwa kwa dawa halisi?"

"Askari wazuri, Mheshimiwa, hufanya mazoezi kwa risasi halisi."

"Naam!" Kanali alipiga kisigino chini. "Hivyo ndivyo ninavyotaka! Endeleeni na mazoezi. Na wewe mzee wa kwenye kiti, jinyooshe, unaharibu mstari."

"Wakati wa nyongeza umekwisha, Mheshimiwa," Mzee Lukanga alijibu kwa sauti ndogo, akipandisha mkono wa shati. "Sasa ndiyo tunaanza."

Ijumaa Waziri alikuja na magari kumi na saba. Asubuhi hiyo Kanali aliamuru waya uchomolewe, ili mashine ianze upya mbele ya mgeni rasmi, na kitufe kikubwa chekundu kiliwekwa juu ya meza. Kitufe hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote. Kilitoka kwenye kengele ya shule. Waziri alisimama mbele ya fremu ya ukutani, akazisoma namba za Kamati kwa sauti, akatulia kwenye mia tano.

"Hii," alisema, "ndiyo nchi tunayoitaka. Wapo wanaotuambia tuna kikomo. Mia mbili hamsini na tano, wanasema. Ngalambe imesema hapana. Leo ni mia tano. Nina hakika kabla ya uchaguzi tutakuwa elfu moja."

Makofi yalidumu dakika nne. Akabonyeza kitufe. Kwenye skrini pakatokea maandishi: *Hakuna mawasiliano.* Waziri, ambaye miwani yake ilikuwa garini, alimwinamia Kanali akauliza inasemaje.

"Inasema imekosa la kusema, Mheshimiwa," Kanali alijibu.

"Unyenyekevu mzuri," Waziri alisema, akakata utepe.

Gari la kumi na saba lilipokunja kona, Siwatu aliurudisha waya. Jioni hiyo Bi. Mwanamvua aliagiza dawa za malaria, chanjo na nyuzi za kushonea vidonda. Vyote vilikuja.

Baada ya miezi miwili takwimu zilisomwa Makao Makuu, ikaonekana kwamba kati ya wilaya kumi na tano ni moja tu inayopata dawa. Wataalamu walitumwa Ngalambe kuchunguza siri. Walipiga picha fremu, wakapima ukubwa wake kwa futi, wakaondoka. Punde ukatoka waraka: wilaya zote zibadilishe namba zao na kufuata za Kamati ya Ngalambe, bila kuongeza wala kupunguza. Kanali alivishwa nishani. Bw. Mpunjuo alipewa muhuri wa nne.

Siwatu naye hakusahaulika. Barua yake ilisifu ujuzi, uadilifu na moyo wake, na kwa kuthamini hayo ikampandisha cheo kuwa Mkuu wa Mitandao wa tarafa ya Itulo, ambako mtandao wa kompyuta haujafika, na umeme pia. Aliagana na Bi. Mwanamvua mlangoni mwa bohari. Mama yule alimfungia maandazi kwenye kitambaa, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Mzee Lukanga alikuja kwa miguu yake, vidole viwili vya mguu vikiwa vimekatwa kwa ajili ya sukari, akamsindikiza hadi kwenye lori.

Huko Itulo alipewa ofisi yenye meza na ramani ya mahali pengine. Simu yake aliichajia kwenye mashine ya kusaga nafaka, iliyokuwa na injini ya dizeli, kila Jumanne na Alhamisi. Jumanne ya tatu alikuwa ameketi juu ya gunia, unga ukimtua kwenye nywele, simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Ndiye dada Siwatu? Shikamoo. Samahani, namba yako nimepewa na Mama Mwanamvua. Mimi ni muuguzi, niko Mtopanga. Seva yetu ilikuwa inaelekea kuamka, leo asubuhi wakaja watu na waraka, wakaleta namba kwenye fremu, na sasa haipokei kitu. Nina watoto tisa wodini wanasubiri damu, dada. Sijui nimwambie nani."

Siwatu alisimama. Injini ilikuwa inanguruma, ikabidi azibe sikio moja na kuinua sauti, na wanawake waliokuja kusaga wakageuka kumtazama.

"Una kalamu?"

"Ninayo. Lakini dada, hizi za kwenye fremu nizifanyeje? Mkuu wa Wilaya amesimama hapa nje."

"Hizo mzipigie makofi," Siwatu alisema. "Sasa andika. Kumi, nukta, kumi na tano."